Nilipanga jiko, mama mkwe akaniachia jiko lote

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Nyumbani tupo tisa: mimi na mume wangu, watoto wetu wanne, shemeji yangu, mtoto wa wifi anayesoma sekondari, na mama mkwe. Mama alikuja kutoka Newala miaka sita iliyopita, baba mkwe alipofariki. Nikisema ukweli, nimeishi naye vizuri. Wanangu wawili wa mwisho amewalea yeye. Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye ndiye anayebaki na mtoto, na yeye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani.

Shida yangu ni jiko. Ni chumba kidogo, wawili wakiinama pamoja mmoja lazima atoke. Kulikuwa na kabati moja la vyombo, meza, na vitu kila mahali: madumu matupu kumi na moja, niliyahesabu mwenyewe, chupa za maji, makopo ya maziwa ya unga, mifuko ndani ya mifuko. Juu, kwenye boriti, kulikuwa na susu la kamba alilosuka mwenyewe, ndani yake ng'onda, samaki wakavu. Kwenye kona kulikuwa na chungu kikubwa cheusi kilichomeguka mdomo, hakipikiwi, kimejaa vitambaa. Asubuhi nikitafuta binzari siioni, nanunua nyingine. Siku niliyofanya usafi nilikuta paketi nne za binzari zimefunguliwa. Unga ulikuwa na wadudu, mende walipita mchana kweupe.

Hayo ningevumilia. Lakini mwezi wa tisa mwanangu wa miaka mitatu aliokota chupa ya soda chini ya meza akaifungua. Ilikuwa na mafuta ya taa. Nilimwahi chupa iko mdomoni. Chini ya meza hiyo hiyo ulikuwepo mfuko wa salfa iliyobaki ya mikorosho, mdomo umekunjwa na kuwekewa jiwe, hatua mbili tu kutoka kwenye ndoo ya unga. Usiku ule sikulala.

Mwezi wa kumi mama akaenda Newala kuokota korosho, akakaa wiki tano. Nikasema, sasa ndiyo nafasi. Nilimwita fundi akapiga shelfu tatu ukutani mpaka juu. Nikanunua makopo ya plastiki yenye mifuniko, yote ya ukubwa mmoja, nikayaandika kwa kalamu: chumvi, sukari, magadi, binzari, ufuta. Susu nikalikata. Madumu na chupa nikampa kijana anayenunua plastiki. Karanga zake zilizokuwa kwenye kiroba, zimeota ukungu, nikazitupa. Chungu nikampa jirani, naye akafurahi, anachemshia ming'oko, vile viazi vya porini.

Mama aliporudi alisimama mlangoni, kiroba bado kiko kichwani, akatazama. Akasema, "Mmepata jiko jipya." Basi, hakuongeza neno. Siku ya tatu tulikuwa na wageni, akapika kisamvu chake cha nazi na korosho. Akatia sukari akidhani ni chumvi. Watoto wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Akauweka mwiko juu ya kifuniko polepole, akatoka.

Tangu siku hiyo hajapika. Ukimuuliza anasema, "Jiko ni lako mwanangu, mimi mgeni." Ana unga wake kwenye ndoo chini ya kitanda. Chai yake anateleka nje, kwenye mafiga. Wifi zangu wamepiga simu kutoka Masasi, wanasema nimemfukuza mama yao jikoni. Mume wangu alianza na "malizaneni wenyewe", kisha juzi akaja na wazo kwamba pesa ya korosho ikiingia amjengee mama jiko lake uani. Hilo linanitisha zaidi. Kwetu nyumba ikiwa na majiko mawili, watu wanajua imegawanyika.

Macho yake yamepungua tangu mwaka juzi, nadhani ndiyo maana amekuwa mwepesi wa kununa. Sasa mama, nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa? Nikirudisha, mwanangu je? Au nishikilie hapo hapo, maana na mimi ni mwenye nyumba, mwisho atazoea? Au nikubali hilo jiko la uani?

Mama wa Wanne, Mtwara

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia jioni, na mara zote mbili nilikwama kwenye ule mwiko uliowekwa polepole juu ya kifuniko. Naona na wewe ulikwama hapo, ndiyo maana umeueleza hivyo.

Kama nimekuelewa, una mambo mawili yaliyofungwa kwenye fundo moja. La kwanza ni hofu yako wewe kama mama: mtoto nusura anywe mafuta ya taa, na dawa ya mikorosho inalala jirani na unga wanaokula watu tisa. La pili ni mama mkwe ambaye kwa miaka sita alikushikia jiko, na ulipolishika wewe, akaliacha lote. Unaniuliza kuhusu la pili, huku la kwanza likikusukuma usirudi nyuma. Tulifungue fundo kwanza, maana hayo mambo hayana jibu moja.

Kuhusu mafuta ya taa na salfa, hapo simama wala usiyumbe. Salfa inawasha macho na kifua, na inashika moto upesi. Mahali pake ni nje ya nyumba, pakavu, penye kufuli, palipo mbali na chakula, na kwenye mfuko wake wenye maandishi. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda hata siku moja, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa, hajui kilichomo. Na Mungu apishe mbali, mtoto akiyanywa, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa ili atapike. Mafuta hayo yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mkimbizeni hospitali na chupa mkononi. Kama mnatumia mtungi wa gesi, usiuweke karibu na jiko la mkaa. Watu wa kwetu wamezoea kusikia habari za gesi asilia inayochimbwa Msimbati, huko Mtwara, wakadhani gesi zote ni moja. Ile ya Msimbati ni nyepesi, hupanda juu. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kukusanyika kwenye kona za chini, hapo hapo mnapopuliza makaa.

Sidhani kama mama yako atabishana na wewe kwenye hayo. Lakini naomba nikuulize: ile siku ya chupa ya soda, ulimwambia? Kwenye barua hujasema. Umesema usiku ule hukulala. Inawezekana alirudi kutoka Newala bila kujua kwamba mjukuu aliyemlea mwenyewe nusura afe, akakuta tu jiko limebomolewa. Kama ndivyo, yeye anaona matokeo, sababu haijui.

Sasa tuingie jikoni.

Unasema madumu matupu kumi na moja, na naona ulivyoyahesabu kwa kuchoka. Lakini mama yako ametoka Newala. Wewe mwalimu unalijua uwanda wa Makonde ulivyo: mchanga unakunywa mvua yote, mito hakuna juu kule, maji yako bondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, ila bomba kufika wilayani na maji kufika kwenye mtungi wako ni safari mbili tofauti. Wasichana wa rika lake waliamshwa usiku kushuka mabonde na kupanda na maji kichwani. Mtu aliyekua hivyo hawezi kuliona dumu tupu kuwa takataka. Kwake dumu tupu ni safari ya bondeni iliyopungua.

Na makopo, na mifuko ndani ya mifuko? Mimi ni mtu wa Lindi, nimekua nikiona masika yanavyoifunga kusini. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mvua ikikolea barabara ya Dar es Salaam inakatika, na sukari, sabuni na mafuta ya taa vinapanda bei au vinakwisha kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni. Mama aliyelea watoto nyakati hizo alijifunza kuficha, kugawanya na kutotupa. Usidhani ni mambo ya kale tu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika tena kule Somanga na magari yakalala njiani. Jaribu kukumbuka: siku zile, nani nyumbani kwenu alikuwa na akiba?

Haya sikuambii ili ujione mkosaji. Jiko lenye paketi nne za binzari zilizofunguliwa ni jiko linalokula mshahara wa mwalimu, na wadudu kwenye unga si ushahidi wa akiba nzuri. Karanga zilizoota ukungu ulifanya sawa kuzitupa. Ukungu ule ndio unaoleta sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Ila hata hapo kuna tofauti kati ya kumtupia mtu karanga zake hayupo, na kumkalisha kwenye mkeka mkachambua pamoja, akaziona kwa macho yake mwenyewe.

Ndiyo, macho. Hapa ndipo ninapotaka uketi kidogo, mwanangu.

Umeandika, karibu kwa kupita tu, kwamba macho yake yamepungua tangu mwaka juzi, ukafikiri ndiyo yanayomnunisha. Ukurasa huo huo unasema ulinunua makopo yote ya ukubwa mmoja ukayaandika kwa kalamu. Sasa mfikirie alfajiri, umeme umekatika au hajawasha taa ili asiwaamshe watoto. Kwa miaka sita mkono wake ulijua: chumvi iko kwenye kopo la maziwa lenye kutu kidogo pembeni, sukari iko kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko mgumu, magadi yamefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa anasoma kwa vidole. Wewe umemwekea makopo matano yanayofanana kama mapacha na maandishi asiyoyaona. Tena sijui kama alikwenda shule. Wewe unajua? Wapo wazee wengi wa umri wake ambao hawakusoma, na wamelificha hilo mbele ya wakwe zao kwa miaka, hasa mkwe akiwa mwalimu. Ile sukari kwenye kisamvu huenda haikuwa uzembe, na huenda aliyeumia siku ile aliumia kwa jambo asiloweza kukuambia mbele ya wageni.

Kwa hiyo kabla ya jiko, mpeleke akapimwe macho. Kama ni mtoto wa jicho, unatibika kwa upasuaji. Hilo lifanye hata kama hamtaelewana kwa lingine lolote.

Tena niulize jambo dogo: zile ng'onda sasa umeziweka wapi? Kama ziko kwenye kopo la plastiki lililofungwa, nenda kazinuse. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, samaki mkavu akifungiwa anatoa jasho na kuota ukungu. Susu liliwekwa pale kwa akili: hewa inapita, paka hafiki, na panya na sisimizi wanapata shida kulifikia. Shelfu zako ni nzuri kwa unga uliokauka na mchele, wala sina neno nazo. Lakini ulikata chombo kilichokuwa kinafanya kazi yake, na aliyekisuka aliona.

Twende kwenye njia ulizozitaja.

Kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa ni njia ya mtu aliyechoka kununiwa. Utapata amani ya wiki mbili. Halafu utaanza tena kutafuta binzari saa kumi na moja alfajiri na kinyongo kitahamia kwako. Naye si mtoto, atajua ameridhishwa tu.

Kushikilia mpaka azoee, naielewa. Jiko ni mahali pako pia, na mwanamke anayerudi kutoka kazini saa kumi ana haki ya kukuta sufuria mahali pake. Hatari yake ni kwamba anaweza kuzoea kweli, akazoea kuwa mgeni. Ataendelea kuteleka chai yake nje, na ile ndoo ya unga chini ya kitanda itawaletea panya chumbani. Na nani atamwambia mwanao wa miaka mitatu "usiguse" saa nne asubuhi wewe ukiwa darasani? Watoto nao wameshacheka mara moja. Wataona kwamba kumcheka bibi ni sawa.

Jiko la uani lisikutishe upesi hivyo. Nyumba ngapi za Mtwara zina jiko nje, la mkaa na kuni, na mambo yako sawa? Moshi unatoka ndani, kinu na mbuzi ya nazi vinapata nafasi. Swali ni nani ameliomba na linajengwa kwa sababu gani. Kama mama mwenyewe atasema, "Nataka mahali pa mafiga yangu," na nyote mtapikia huko kisamvu siku za wageni, hilo ni jiko la pili la nyumba moja. Kama mume wako analijenga ili asisikie tena maneno yenu, basi amejenga ukuta. Mwulize bila ukali ni lipi kati ya hayo. Na umwambie kwamba "malizaneni wenyewe" haimtoshi mtoto wa kiume kwa mama yake. Si lazima aamue kati yenu. Akae naye barazani, amsikilize, na wifi zako wa Masasi nao wajibiwe na yeye.

Ipo njia nyingine ambayo hujaitaja, labda kwa sababu ni ngumu kuliko zote: kupanga upya, wewe na yeye. Kuna uwezekano akakataa. Anaweza kusema "fanya utakavyo" mara tatu, na ya nne akanyamaza. Wazee wetu hawasamehe kwa siku moja. Ukiona moyo wako unaweza kuistahimili, ningeanza mbali na jiko. Mwingilie chumbani jioni, keti chini, umsimulie habari ya chupa ya soda kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na usiku usiolala. Halafu umwombe radhi kwa kile kicheko. Kicheko peke yake, usichanganye na shelfu, maana ukichanganya atadhani unaomba radhi ili upate kibali.

Siku nyingine mwombe akusukie susu jipya. Usimnunulie. Mwambie ng'onda zinaharibika, na ni kweli zinaharibika.

Shelfu ya katikati, ile inayofikika bila kunyoosha mkono, mwachie yeye apange. Chumvi irudi kwenye kopo lake la zamani kama bado lipo. Magadi yarudi kwenye kitambaa. Sukari ifungwe kamba shingoni ili vidole vitofautishe. Maandishi yako yabaki, watoto wanayahitaji, ila yasiwe ndiyo njia pekee ya kujua kilichomo. Shelfu ya juu kabisa weka vya kwako vya mara chache: hotpoti za wageni, masinia. Madumu kubalianeni idadi, sema manne, yajazwe maji na kufunikwa, na mengine yasiingie. Chini ya meza kisikae kitu chochote mtoto asichoruhusiwa kukishika. Hapo mwambie ni sharti lako, na nadhani atakuwa wa kwanza kulilinda.

Kubakisha mpangilio wote, kuachia nusu, au kungoja mpaka pesa ya korosho itoke, hilo utalipima wewe, maana unamwona usoni kila siku na mimi ninakusoma kwenye karatasi.

Nimebakiwa na chungu. Umekitaja mara mbili, na mara zote hukusema kilitoka wapi. Kilikuwa kimemeguka, hakipikiwi, na bado mtu alikibeba kutoka Newala mpaka Mtwara akakijaza vitambaa vyake. Pengine hakina habari yoyote, ni chungu tu. Pengine kilikuwa cha mama yake. Muulize. Lakini kabla ya kumuuliza, nenda kwa jirani na sufuria nzuri mkononi, umwambie unahitaji kile chungu kirudi, kabla hajachemshia ming'oko mingine kikapasuka.